Hojaji Ikigeuzwa Mchezo, Mshindi Ni Nani?

Ukikaa Korogocho au Viwandani, hodi ya mtafiti si jambo la kushangaza. Tangu 2002 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kimekuwa na daftari la kudumu la mitaa hiyo miwili: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia. Kwa miaka mingi wahoji wake walipita nyumba hadi nyumba kila baada ya miezi minne. Ongeza wanafunzi wa vyuo wenye tasnifu za kumaliza, mashirika yenye miradi, kampuni zinazotaka kujua ni sabuni ipi yenye povu la kupendeza, na makarani wa sensa ya Agosti 2019 waliokuja na tableti kwa mara ya kwanza. Wako akina mama wa Eastlands ambao idadi ya sufuria zao inajulikana zaidi na watafiti kuliko na mama mkwe.

Sasa imekuja dawa inayosifiwa sana katika ofisi za Kilimani na Westlands: igeuze hojaji iwe mchezo. Mhojiwa apewe nyota kila akimaliza ukurasa. Azungushe gurudumu, ashinde kredo ya simu. Agawe maharagwe badala ya kutaja asilimia. Arushe kete kabla ya kujibu swali la aibu. Eti hapo hachoki, na majibu yanakuwa ya kweli.

Nimewaketisha watu watano kwenye benchi nje ya ukumbi wa Kaloleni, ukumbi ambao wanasiasa wa enzi za kudai uhuru waliufanya kama bunge lao, wabishane. Watu hao ni wa kubuni, ndiyo maana hawana majina. Taasisi, miaka na tafiti wanazozitaja si za kubuni.

MHOJI: Nianze mimi, maana ndiye ninayefungiwa mlango. Hojaji ninayopewa ina maswali zaidi ya mia mbili. Dakika ishirini za kwanza mwenye nyumba ni mkarimu, ananipa hata kiti chenye mto. Kufika dakika ya arobaini anachungulia sufuria, anamwita mtoto ambaye hayupo, anapokea simu ambayo haijalia. Baada ya hapo kila jibu ni "hapana". Na si kwamba ni mwongo. Ameshaelewa tableti inavyofanya kazi: akisema ana biashara nyingine, maswali kumi na mawili yanafuata, akisema hana, yanarukwa yote.

MAMA WA KOROGOCHO: Hiyo mbona tunaambiana tukipanga mitungi kwa mfereji? Watu wa utafiti wakiingia ploti, aliyeulizwa kwanza anawapa wenzake habari. Usiseme unafuga kuku, utakaa hapo mpaka ugali uungue.

KIJANA WA DANDORA: Basi kosa ni la hojaji, mama, si lako. Mimi huunda programu za simu. Msee anaweza kucheza gemu saa tatu bila kulipwa chochote, na bado anachaji simu aendelee. Mpe huyo huyo maswali ya dakika tano, anapiga miayo. Kwa nini? Kwenye gemu anaona anasonga. Kuna hatua, kuna pointi, kuna kitu cha kushinda. Kwenye hojaji yenu hajui yuko wapi wala itaisha lini.

MZEE WA KALOLENI: Pointi! Kila kitu siku hizi ni pointi.

KIJANA: Mzee, pointi si za leo wala si za wazungu. MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza Mathare 1987, na Bob Munro aliyeianzisha alikuja na sheria moja rahisi: timu ikitoka kuzoa taka mtaani, inaongezewa pointi kwenye jedwali la ligi, kando ya zile za kushinda mechi. Vijana walizoa taka. Mtu angewaambia "tafadhali safisheni mtaa", wangemcheka.

MAMA: Huo mfano nimeupenda, mwanangu, lakini umekuumbua. Taka iliondoka Mathare, na pointi zikabaki Mathare. Mimi nikipewa nyota zenu kwa kuhesabu sufuria, mtaani kwangu kunabaki nini?

Kijana alinyamaza kidogo. Ningekuwa mwamuzi wa mpira ningempa mama bao hapo hapo, kwa sababu swali hilo ndilo watu wa nyota na magurudumu hulikwepa. Lakini mtakwimu alikuwa amekwisha fungua mkoba.

MTAKWIMU: Tutenganishe mambo, maana tunayachanganya. Kumpa mtu zawadi ni jambo moja. Kuuliza kwa namna ya mchezo ni jambo jingine. Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo linalonivutia: mchezo wenyewe kuwa kipimo. Kuhusu lile la pili, Mwingereza Jon Puleston alifanya majaribio mengi karibu na 2011. Badala ya kuuliza watu wanapenda chakula gani, aliwaambia wajifikirie wamehukumiwa kifo na wanachagua mlo wa mwisho. Majibu yalirefuka, watu wakafurahia.

MAMA: Mlo wa mwisho? Ukiniuliza hivyo mlangoni pangu nitakufuata na mwiko.

MHOJI: Kweli. Huku ningebadilisha. "Mama, una shilingi mia mbili, wageni wanne wamefika bila kupiga simu, na jirani tayari ameona wameingia. Utapika nini?" Hapo utasikia sukuma inakatwaje, nyanya zinakopwa kwa nani, na nani anatumwa kuleta unga. Nitaandika mpaka kidole kichoke.

MTAKWIMU: Utaandika, ndiyo, lakini utakuwa umejibiwa swali jingine. Mwenye mradi alitaka kujua familia hula nini siku za kawaida. Wewe umejua mama anavyolinda heshima mbele ya wageni. Ni maarifa mazuri, ila si yale yaliyoagizwa. Na ndipo lilipo tatizo la njia hii kwa jumla. Florian Keusch na Chan Zhang walizipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu hojaji za mtandaoni zilizotiwa michezo, wakachapisha 2017. Watu husema wamefurahia zaidi. Lakini kwamba wanamaliza kwa wingi zaidi, au wanajibu kwa usahihi zaidi, hapo matokeo yanavutana.

KIJANA: Daktari, kufurahi si kitu?

MTAKWIMU: Ni kitu kwa anayefurahi. Kwa takwimu bado.

MAMA: Mimi nina swali la kuwauliza nyinyi wote. Watu wa lile daftari la Korogocho, mtu akifariki wanarudi. Wanakaa na waliofiwa, wanauliza alianza kuumwa lini, alikohoa, aliharisha, alipelekwa hospitali gani, alifikaje. Wanafanya hivyo ili daktari baadaye akadirie alikufa kwa ugonjwa gani, maana wengi hufia nyumbani bila cheti. Sasa niambie, kijana wa Dandora. Mama aliyepoteza mtoto, ukurasa ukiisha, simu italia na kumrushia nyota?

Hakuna aliyejibu haraka, na sioni jibu lingekuwa lipi. Ni vizuri msomaji ajue maswali hayo ya kuchosha na kuumiza yamezaa nini. Utafiti wa APHRC wa 2000 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa humo, 151 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wastani wa nchi nzima wakati huo ulikuwa 112. Kabla ya hapo serikali ilikuwa na takwimu za Nairobi kwa ujumla, ambamo watoto wa Lavington waliwafunika wa Korogocho, na jiji likaonekana afadhali kuliko vijijini. Nambari 151 haikupatikana kwa gurudumu. Ilipatikana kwa sababu akina mama walikubali kukaa na kukumbuka.

MHOJI: Kwa hayo nakubaliana nawe, mama. Kuna maswali ambayo mtu akiyatia mzaha anastahili kufukuzwa. Lakini si maswali yote ni msiba. Nikikuuliza uwezekano wa mvua kufurika mtaani msimu ujao, utaniambia asilimia?

MAMA: Nitakuambia Mungu ndiye ajuaye.

MHOJI: Lakini nikikupa maharagwe kumi na sahani mbili, nikuambie weka kwenye sahani hii maharagwe kadiri unavyoona mafuriko yatakuja...

MAMA: Nitaweka saba. Nane, kama ile mitaro haijazibuliwa.

MTAKWIMU: Hiyo si hadithi tu. Wachumi wameitumia njia hiyo Malawi na kwingineko: maharagwe kumi, mtu anayagawa, na hata asiyejua asilimia anatoa jibu linaloeleweka. Na kabla yao, miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakifanya tathmini shirikishi vijijini, kina Robert Chambers ambaye aliwahi kufanya kazi hapa Kenya, walikuwa wanawaachia wanavijiji wachore ramani chini na kupanga kokoto. Walichogundua ni kwamba kokoto zikiwa chini, wazee wanabishana juu ya kokoto, si na mgeni. Kalamu ikiwa mkononi mwa mgeni, kila mtu anamtazama yeye.

MZEE: Kama drafti. Ukiweka ubao na vifuniko vya soda hapo nje, mtu aliyekuwa anapita anasimama, anasema "hiyo ungekula ya kushoto". Hukumwita. Ukimwita kwa jina umuulize maoni yake, anakuambia ana haraka.

Hapa nilifikiri mjadala ungetulia kwenye maharagwe, na kusema kweli ningefurahi, kwa sababu maharagwe hayana adui. Ni mhoji aliyeleta kete.

MHOJI: Kuna swali moja siwezi kuliuliza na kulala vizuri. Kama mtu amewahi kutoa hongo apate stakabadhi fulani. Au kama ameunganisha stima kwa njia ya mkato. Nauliza, na nyumba ni ya mabati, na jirani anasikia mpaka ninavyopumua. Anajibu "hapana". Naandika "hapana". Sote wawili tunajua nimeandika nini.

MTAKWIMU: Kwa swali hilo mchezo si pambo. Mwaka 1965 Mmarekani Stanley Warner alipendekeza njia ambayo mimi huiita ya kiungwana kuliko zote katika fani yetu. Yeye alitumia kishale cha kuzungushwa. Kete na sheria hizi zilikuja baadaye. Sikilizeni. Mama anapewa kikombe na kete, anatikisa, anachungulia peke yake. Mhoji haoni. Ikitua moja, mama aseme "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikitua sita, aseme "hapana" bila kujali ukweli. Ikitua mbili, tatu, nne au tano, aseme kweli.

MZEE: Na sasa mhoji amejua nini?

MTAKWIMU: Kuhusu mama, hajui kitu! Akisikia "ndiyo", huenda ni kete iliyosema. Jirani wa ukutani naye hajui. Hata polisi akija na hiyo tableti hawezi kumshtaki mtu kwa sababu ya kete. Lakini tuseme tumehoji watu 600. Kwa bahati ya kete, kama 100 watakuwa wamelazimika kusema "ndiyo" na kama 100 kusema "hapana". Waliobaki 400 wamesema kweli. Tukihesabu "ndiyo" 220, tunatoa zile 100 za kete, zinabaki 120. Mia moja na ishirini kati ya 400 ni asilimia 30. Tumeujua mtaa bila kumjua mtu.

MAMA: Rudia hapo mwisho.

MTAKWIMU: Tumeujua mtaa bila kumjua mtu.

MAMA: Hiyo naitaka. Hapo ndipo umeniletea mchezo wa kunifaa mimi, si wa kukufaa wewe.

MZEE: Mimi siitaki. Kete ni kamari. Majengo hapo kuna nyumba ambazo ukiingia na kete mkononi hutapewa hata maji.

KIJANA: Hakuna anayeweka pesa, mzee.

MZEE: Najua hakuna pesa. Lakini mtu mwenye dini yake hatangoja umfafanulie. Amekwisha ona kete.

MHOJI: Tutumie vifuniko vya soda basi. Mfuko wa kitambaa, ndani vifuniko sita: kimoja chekundu, kimoja cheusi, vinne vyeupe. Kazi ni ile ile.

MZEE: Hapo sawa. Vifuniko ni drafti.

MTAKWIMU: Niwe mkweli pia kuhusu udhaifu wake. Wako watu ambao hata kete ikiwaambia waseme "ndiyo", ulimi unakataa; hawataki neno hilo litoke midomoni mwao mbele ya mgeni. Pili, majibu yakichanganywa na bahati, unahitaji watu wengi zaidi upate usahihi ule ule, na watu wengi ni pesa. Tatu, si kila mtu anazielewa sheria. Iko njia nyingine, dada yake hii: mtu anasomewa orodha ya mambo na kutaja tu idadi ya yanayomhusu, bila kusema yapi. Huko Serengeti ilitumika kuuliza kuhusu uwindaji haramu na ilifanya kazi. Lakini Eric Kramon na Keith Weghorst walipoichunguza hapa Kenya, waliona inavunjika hasa kwa watu wenye elimu ndogo na wasiozoea hesabu, na kwamba kumsaidia mhojiwa ahesabu faraghani kwa kitu anachokiona kunapunguza tatizo. Kwa hiyo tatizo si akili ya mtu. Ni sisi kudhani kila mtu anahesabu kichwani huku mtoto analia.

Nimewaacha waseme sana kuhusu kete kwa makusudi. Kati ya yote yanayoitwa michezo ya hojaji, hii ndiyo ninayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, kwa sababu inahamisha kitu fulani kutoka mkononi mwa anayeuliza kwenda mkononi mwa anayeulizwa. Nyota hazihamishi kitu. Ila mzee alikuwa na hoja nyingine, na hii iliwatikisa wote.

MZEE: Mmesema mchezo unaweza kuwa kipimo. Nani alisema tunaocheza tunacheza mchezo wenu?

MTAKWIMU: Unamaanisha nini, mzee?

MZEE: Ukiniweka mezani na watu watatu nisiowajua, ukanipa pesa, ukasema kila mtu atie kiasi katika chungu, utazidisha mara mbili, tugawane sawa. Wewe unafikiri unapima roho yangu. Mimi nafikiri: hii ni harambee, na watu wananitazama.

MTAKWIMU: Mzee, umesema maneno ambayo Waorma walisema kabla yako. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alicheza mchezo huo huo nao huko Tana River, katika mradi mkubwa wa kina Joseph Henrich uliofanywa katika jamii kumi na tano duniani, Wahadza na Wasangu wa Tanzania wakiwamo. Hawakuchelewa kuupa jina: mchezo wa harambee. Na walichanga kwa mkono mpana, zaidi ya nusu ya walichopewa.

KIJANA: Kwa hivyo alipima ukarimu ama alipima harambee?

MTAKWIMU: Ndilo swali. Binafsi naona alipima harambee, na si hasara, maana harambee ipo. Hasara ni pale mtu anapokwenda kuandika kwamba amepima "ukarimu wa binadamu".

MHOJI: Nairobi pia tuna maabara ya michezo hiyo, Busara, ambayo imekuwapo zaidi ya miaka kumi. Watu wa mitaa ya mabanda wanaalikwa, wanakaa mbele ya kompyuta za kugusa, wanagawa pesa na wasiowaona, na malipo yanakuja kwa M-Pesa.

MTAKWIMU: Na kuna utafiti mmoja wa michezo kama hiyo uliofanywa jijini, wa Lars Ivar Oppedal Berge, Edward Miguel na wenzao, uliochapishwa 2020, ambao uliuliza: Mkenya akigawa pesa, humpendelea wa kabila lake? Walitarajia upendeleo mkubwa. Karibu hawakuuona.

MAMA: Karibu hawakuuona. Mimi nilikuwa Korogocho mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi.

MTAKWIMU: Najua, mama.

MAMA: Hujui. Mwaka ule jirani niliyekopeshana naye chumvi miaka kumi alihama usiku na kitanda chake kichwani. Sasa unaniambia mbele ya kompyuta hakuna ukabila.

MTAKWIMU: Sikuambii hakuna. Nakuambia mioyo ya watu mbele ya kompyuta, kwa siku ya kawaida, ilionekana haina upendeleo huo. Labda inamaanisha kilichotokea 2008 hakikuanzia moyoni mwa jirani yako. Kilianzia kwa waliompa sababu na waliompa mapanga. Kama ni hivyo, ni habari muhimu sana, na hojaji ya kawaida isingeitoa, maana kila mtu angejibu "mimi si mkabila".

MAMA: Labda. Lakini uandike na hiyo "labda".

Ningeiandika hata mimi. Mama na mtakwimu wote wawili wako sahihi hapa, na sidhani kuna mchezo wa kuwapatanisha.

Lililobaki ni zawadi, na kwa hilo sikuhitaji mtakwimu.

KIJANA: Turudi kwa kredo. Mtu ametoa muda wake, alipwe. Kampuni za hojaji za simu zinatuma maswali, unajibu, unapata kredo. GeoPoll wanafanya hivyo. mSurvey walifanya hivyo, kabla ya kujiita Ajua 2019.

MZEE: Ajua? Lile bao la Waluo?

KIJANA: Jina hilo hilo, mzee.

MZEE: Angalau huko mtu anahesabu kete zake mwenyewe.

MHOJI: Kulipwa nakubali, tena waziwazi. Mama anayeuza mboga akikaa nami saa moja asubuhi, wateja wamepita. Lakini kulipwa si sawa na kubahatisha. Gurudumu la kushinda kredo ni bahati nasibu, na huku mtaani vijana wamekwisha zama kwenye kubeti. GeoPoll wenyewe waliuliza vijana wa nchi sita za Afrika mwaka 2017, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 walisema wamewahi kubeti.

MTAKWIMU: Na hapo mtakwimu yeyote anainua kidole. Ukiuliza watu kwa simu na kuwaahidi kredo, huenda wanaokimbilia kujibu ndio wale wale wanaokimbilia kubeti. Zawadi huchagua watu kabla swali halijaulizwa.

MAMA: Mmesahau mpira wa chuma. Ule wa KICC.

KIJANA: Worldcoin.

MAMA: Huo. Mwaka 2023 vijana wa ploti yetu waliamka saa tisa usiku kwenda mjini kupanga foleni, wakapigwe picha ya jicho. Nikawauliza, jicho lenu linakwenda wapi? Hawajui. Walijua elfu saba tu.

MTAKWIMU: Karibu shilingi elfu saba, kwa thamani ya siku ile ya sarafu za kidijitali walizopewa. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2 mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za watu hao zifutwe. Haikuwa hojaji, lakini somo ni letu. Zawadi ikiwa kubwa kuliko maelezo, hakuna ridhaa hapo, kuna foleni.

MZEE: Na Majengo je? Wale wanawake wa biashara ya ngono wamechunguzwa tangu miaka ya themanini. Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada. Damu zao ndizo zilizowafundisha madaktari kwamba wako watu wanaokutana na virusi vya ukimwi mara nyingi na hawaambukizwi. Walikuwa wanarudi kliniki mwaka baada ya mwaka. Waliitwa kwa nyota?

MHOJI: Walitibiwa.

MZEE: Walitibiwa, na Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliitisha baraza, akakaa nao, wakachagua viongozi wao wenyewe. Watu waliokuwa wakifukuzwa kila mahali wakaitwa kwenye mkutano kwa heshima. Mtu akikuheshimu hivyo utarudi hata kama maswali yake ni marefu.

KIJANA: Sawa, mzee. Lakini si kila utafiti una kliniki nyuma yake. Mwanafunzi wa shahada ana nini cha kutoa? Angalau mchezo unamfanya asiwe mzigo. Na kuna michezo inayozaa kitu. Kibera, uwanja wa Silanga, UN-Habitat waliwapa vijana Minecraft, wakajenga kwenye kompyuta uwanja wanaoutaka, na mawazo yao yakaingia kwenye mpango. Hiyo si hojaji ya kuulizwa "unapenda uwanja, ndiyo au hapana". Waliujenga.

MAMA: Huo hata mimi ningecheza, na simu yangu ni ya kubonyeza. Kwa sababu mwisho wa mchezo kuna uwanja.

Niliwaacha hapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameanza kurudia lake, kijana akimwonyesha mzee kitu kwenye simu.

Hukumu yangu ni hii. Nyota, beji na magurudumu yaondolewe kwenye hojaji za nyumba kwa nyumba. Ni njia ya mtafiti kukwepa kalamu nyekundu. Hojaji ikichosha, ifupishwe. Ile ya afya na idadi ya watu ya 2014, KDHS, iligawa kaya mafungu mawili, nusu ikaulizwa maswali marefu na nusu mafupi, na nchi ikapata takwimu zake. Kama shirika la serikali liliweza, mradi wa miezi sita unaweza. Maharagwe na kokoto vitumike popote ambapo mtu anaulizwa makadirio. Mfuko wa vifuniko uwe kawaida kwa kila swali la hongo, stima, mapenzi au kura, pamoja na muda wa kutosha wa kufanya majaribio ya mzaha kwanza ("umekula githeri leo?") mpaka mhojiwa aridhike kwamba hachunguliwi. Anayetoa saa yake alipwe kiasi kinachojulikana, kilekile kwa kila mtu, kabla ya swali la kwanza. Na matokeo yarudishwe mtaani kwa mdomo, barazani, kwa Kiswahili, na yule yule aliyekuja kuuliza.

Nawe msomaji wa Umoja, Kayole au Kariobangi, ukibishiwa hodi wiki ijayo, unayo haki ya kumwomba mgeni kibali cha utafiti cha NACOSTI, kumuuliza mahojiano yatachukua dakika ngapi, na kukataa swali lolote bila kutoa sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka pia akueleze majibu yako yatatumika kwa kazi gani. Muulize kabla hajakaa.